Ferguson, Dalglish au Moyes: ukitaka ukocha, ufuate nyayo za nani?

Mchezaji akitundika daluga na kutangaza kwamba sasa anataka ukocha, ushauri wa kwanza atakaopewa kijiweni ni kwenda kumsoma Alex Ferguson, kocha wa zamani wa Manchester United. Si ushauri mbaya. Lakini Uskoti imetoa makocha wengi waliotokea uwanjani, na njia zao hazifanani hata kidogo. Jiji la Glasgow peke yake limewazaa hawa watatu ninaowaweka hapa: Ferguson, mtoto wa mtaa wa Govan kwenye viwanda vya kutengeneza meli, Kenny Dalglish, aliyekuwa nyota wa Celtic na Liverpool, na David Moyes, beki ambaye mashabiki wengi walilijua jina lake baada ya kuacha kucheza.

Mmoja alianza ukocha chini kabisa. Mwingine alikabidhiwa timu akiwa bado anaichezea. Wa tatu alikuwa mchezaji wa kawaida aliyeanza kusomea leseni wakati wenzake hata hawajaanza kufikiria kustaafu. Kama unataka kuchagua kazi ya mmoja uifuatilie kwa karibu, iwe wewe ni mchezaji unayekaribia mwisho, kocha wa timu ya mtaani, au kiongozi wa klabu anayetafuta mtu wa kumpa timu, tuwaweke mezani pamoja.

Vigezo

Nimewapima kwa mambo matano: kiwango walichocheza, mlango waliopitia kuingia ukocha, watu waliokaa nao kwenye benchi, muda na pesa walizopewa, na walichofanya walipopigwa.

Idadi ya makombe sikuiweka. Ferguson ana 49 katika kazi yake yote. Ukianzia hapo mjadala unakwisha kabla haujaanza, na wewe unaondoka hujachukua kitu cha kutumia kesho mazoezini.

Walivyocheza

Kuna dhana kwamba Ferguson hakuwa lolote uwanjani. Si kweli. Msimu wa 1965/66 akiwa Dunfermline alifunga mabao 45 katika mashindano yote, na mwaka 1967 Rangers wakamchukua kwa pauni 65,000, rekodi ya usajili kati ya klabu za Uskoti kwa wakati ule. Alishawahi pia, akiwa St Johnstone, kuwafunga Rangers haohao mabao matatu nyumbani kwao Ibrox. Ila alipovaa jezi yao mambo yakaharibika. Kwenye fainali ya Kombe la Uskoti mwaka 1969 alipewa kazi ya kumkaba Billy McNeill, nahodha wa Celtic, kwenye mipira ya kona. Dakika ya pili tu McNeill akaruka peke yake, kichwa, bao. Celtic wakashinda 4-0, lawama zote zikamwangukia Ferguson, na muda si mrefu akajikuta anafanya mazoezi na vijana.

Dalglish ni habari nyingine kabisa. Liverpool walimnunua kutoka Celtic mwaka 1977 kwa pauni 440,000 ili azibe pengo la Kevin Keegan, na mwaka uliofuata akafunga bao pekee la fainali ya Klabu Bingwa Ulaya dhidi ya Club Brugge pale Wembley. Alilibeba kombe hilo mara tatu. Ameichezea Uskoti mechi 102, na mpaka leo hakuna Mskoti aliyemfikia.

Moyes alikuwa beki wa kati. Alianzia Celtic, nafasi ikawa finyu, akaenda Cambridge United, Bristol City, Shrewsbury Town, Dunfermline, Hamilton, na mwisho Preston North End. Alicheza mechi zaidi ya 500 za ligi, nyingi katika madaraja ya chini ambako kamera hufika kwa nadra.

Hapa niseme jambo moja kwa wanaodhani kocha hufundisha mpira aliokuwa anaucheza. Mskoti mwingine, George Graham, alikuwa kiungo wa madaha pale Arsenal, asiyependa kukimbizana na mtu. Alipopewa timu hiyohiyo kama kocha akajenga moja ya safu ngumu za ulinzi kuwahi kuonekana England. Kwa hiyo usichague kwa kuangalia namba uliyokuwa unavaa.

Mlango

Wote watatu walianza wakiwa na umri kati ya miaka 32 na 34. Kufanana kwao kunaishia hapo.

Ferguson alianza mwaka 1974 East Stirlingshire, klabu ndogo, kwa pauni 40 kwa wiki, kazi ya muda. Alipofika hakukuta golikipa hata mmoja kwenye kikosi. Kocha yeyote aliyewahi kushika timu ya ndondo anaijua asubuhi ya namna hiyo: unapiga simu kumtafuta wa kusimama golini huku mwingine anakuuliza nauli. Miezi michache baadaye alihamia St Mirren, akawa anaendesha na baa mjini Glasgow kwa wakati mmoja, akaijaza timu vijana na kuipandisha daraja mwaka 1977. Kisha Aberdeen kuanzia 1978. Kule ndiko alikovunja utawala wa Celtic na Rangers: ubingwa wa ligi mara tatu, na usiku wa tarehe 11 Mei 1983 mjini Gothenburg, Kombe la Washindi barani Ulaya mbele ya Real Madrid, 2-1 baada ya dakika za nyongeza. Anayedhani Ferguson alizaliwa Old Trafford, uwanja wa Manchester United, hajui kwamba alifika pale akiwa na miaka 12 ya ukocha mgongoni na makombe kumi aliyoyapata Aberdeen peke yake.

Dalglish hakupita huko. Mwaka 1985 Joe Fagan alikuwa ameamua kupumzika, na Liverpool wakampa timu mshambuliaji wao wa miaka 34, awe kocha huku akiendelea kucheza. Alitangazwa mara tu baada ya msiba wa uwanja wa Heysel, Ubelgiji, wa tarehe 29 Mei, ambako watu 39 walikufa kwenye vurugu za mashabiki kabla ya fainali ya Liverpool na Juventus. Hebu fikiria: jana ulikuwa unataniana na wenzako chumba cha kubadilishia nguo, leo wewe ndiye unayewaambia nani akae benchi. Msimu wake wa kwanza ulimalizikia Stamford Bridge, nyumbani kwa Chelsea, tarehe 3 Mei 1986. Jim Beglin akampenyezea mpira, Dalglish akautuliza kifuani na kuupiga kabla haujagusa chini. Bao moja, ubingwa. Wiki moja baadaye wakawafunga Everton 3-1 na kuchukua Kombe la FA pia. Kocha ndiye aliyefunga bao la ubingwa. Sijui kama tutaliona tena katika ligi kubwa.

Moyes alianza kusomea vyeti vya ukocha akiwa na miaka 22. Preston walipompa timu Januari 1998 alikuwa mchezaji wao na msaidizi wa kocha, timu ikiwa katika hatari ya kushuka. Akaiokoa, mwaka 2000 akaipandisha ikiwa bingwa wa daraja lake, mwaka uliofuata akaifikisha kwenye fainali ya mchujo wa kupanda Ligi Kuu, wakafungwa na Bolton. Machi 2002 Everton wakamchukua.

Benchi

Kigezo hiki hakizungumzwi sana, nami nakiona ndicho kizito kuliko vyote.

Dalglish alikuwa na bahati na pia alikuwa na akili ya kuitumia. Liverpool walimwekea mzee Bob Paisley, aliyekuwa ameshabeba Klabu Bingwa Ulaya mara tatu, awe mshauri wake. Ronnie Moran na Roy Evans, watu wa benchi la miaka yote, walibaki. Kocha mpya hakubomoa chochote. Baadaye, alipohamia klabu ya Blackburn, alimpata msaidizi Ray Harford, ambaye mazoezi yake wachezaji waliyasifia sana.

Ferguson alikuwa akibadilisha wasaidizi: Archie Knox, Brian Kidd, Steve McClaren, Carlos Queiroz, Mike Phelan. Mapema akiwa Aberdeen alijifunza kumwachia msaidizi mazoezi, yeye asimame pembeni atazame. Wengi wetu tukisikia hivyo tunaona ni uvivu. Kumbe aliyesimama pembeni ndiye anayemwona mchezaji aliyeamka na jambo nyumbani. Hakuona haya pia kuomba ushauri kwa wakubwa: kabla ya fainali ya Gothenburg, Jock Stein, aliyekuwa kocha mkubwa wa Celtic, alimshauri ampelekee Alfredo Di Stéfano, kocha wa Real Madrid, chupa ya wiski, ili ajione mkubwa anayeheshimiwa na timu ndogo.

Na Moyes? Hapa ndipo alipoteleza vibaya. Alipohamia Manchester United mwaka 2013, Phelan na wenzake wa benchi la zamani waliondoka, naye akaja na watu wake wa Everton. Ni haki ya kocha kuja na watu wake. Ila chumba kile kilikuwa na mabingwa wa nchi, na benchi la zamani halikuwepo tena kumnong'oneza nani anataka kubembelezwa na nani anataka kufokewa.

Muda na pesa

Manchester United walimchukua Ferguson Novemba 1986. Ligi alimaliza wa 11, kisha wa pili, kisha wa 11 tena, kisha wa 13. Kombe la kwanza lilikuja Mei 1990. Miaka mitatu na nusu! Desemba 1989 mashabiki walishafika uwanjani na bango la kumuaga, miezi michache baada ya kupigwa 5-1 na Manchester City. Mwenyekiti Martin Edwards akamshikilia. Na asidanganywe mtu kwamba aliponea kwa subira tu. Pesa nazo zilimwagwa, Gary Pallister na Paul Ince walinunuliwa mwaka huo wa 1989. Ubingwa wa ligi ulifika 1993, baada ya klabu kuusubiri tangu 1967. Klabu zetu nyingi hazimpi kocha hata nusu ya muda huo, na hilo likumbukwe kabla ya kumtaja Ferguson kama mfano.

Dalglish alipokea mashine inayofanya kazi. Lakini Ian Rush alipouzwa Juventus mwaka 1987, alijenga upya na John Barnes, Peter Beardsley na John Aldridge, timu ikacheza mechi 29 za kwanza za ligi msimu wa 1987/88 bila kufungwa. Wanaomlaumu kwamba hakubeba kombe la Ulaya kama kocha wanasahau kwamba klabu za England zilikuwa zimefungiwa baada ya Heysel. Blackburn alikuta pesa za Jack Walker, tajiri wa chuma, zilizomleta Alan Shearer mwaka 1992 na Chris Sutton mwaka 1994, kila mmoja kwa rekodi ya usajili kati ya klabu za huko. Wapo wanaosema alinunua ubingwa wa 1995. Pesa zilikuwepo, kweli, lakini alipoichukua Oktoba 1991 timu ilikuwa daraja la pili.

Moyes kwa Everton alikuwa kocha wa kuhesabu senti. Tim Cahill alikuja kutoka Millwall kwa pauni milioni 1.5, Séamus Coleman kutoka Sligo Rovers ya Ireland kwa pauni 60,000. Wayne Rooney alimpa nafasi akiwa kijana wa shule. Oktoba 2002, akiwa na miaka 16, akawafunga Arsenal bao la dakika za mwisho. (Ndiye huyohuyo aliyerudi Everton na kufunga Dar es Salaam Julai 2017 walipocheza na Gor Mahia, ingawa wakati huo Moyes alishaondoka zamani.) Rooney alipouzwa mwaka 2004 watu walitabiri timu kushuka daraja, Everton wakamaliza wa nne. Miaka 11 pale hakubeba kombe. Kisha United wakampa mkataba wa miaka sita, wakamfukuza Aprili 2014, baada ya miezi kumi.

Walipopigwa

Ferguson alifukuzwa mara moja tu maishani, na St Mirren mwaka 1978. Akaishitaki klabu, akashindwa. Ila alikuwa ameshapata Aberdeen, kwa hiyo kufukuzwa hakukumwacha barabarani. Pigo lake kubwa lilikuwa lile la 1989, na alilijibu kwa kuendelea kujenga timu za vijana ambazo matunda yake yalionekana miaka mitatu baadaye kwa kina Ryan Giggs, David Beckham na Paul Scholes.

Pigo la Dalglish haliwezi kuwekwa kwenye mizani na la mwingine. Tarehe 15 Aprili 1989 mashabiki wa Liverpool walikandamizwa uwanjani Hillsborough; waliopoteza maisha ni 97. Dalglish na mkewe walihudhuria mazishi mengi, siku moja manne. Timu ikaendelea kucheza, ikachukua Kombe la FA mwaka huo na ubingwa mwaka uliofuata, na yeye akaonekana yuko sawa. Hakuwa sawa. Februari 1991, Liverpool wakiongoza ligi, walitoka sare ya 4-4 na Everton kwenye Kombe la FA. Waliongoza mara nne, wakarudishiwa mara nne. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba alijua la kufanya, amrudishe Jan Mølby nyuma kusaidia ulinzi, lakini hakuweza kuamua. Siku mbili baadaye akajiuzulu. Mashabiki walishangaa. Nikiisoma habari hii leo naona mtu aliyejua mwili wake umekataa, akawa muungwana wa kusema.

Alirudi baada ya miezi minane, Blackburn. Mambo ya baadaye hayakung'aa vile: Newcastle walimwachisha mwaka 1998, na awamu yake ya pili Liverpool, 2011 hadi 2012, ilileta Kombe la Ligi na nafasi ya nane.

Moyes alipigwa mfululizo. United, kisha Real Sociedad ya Hispania, alikowafunga Barcelona kabla ya kufukuzwa, kisha Sunderland iliyoshuka naye mwaka 2017. West Ham walimchukua awaokoe, akawaokoa, wakamwacha aende mwaka 2018. Desemba 2019 wakamwita tena kwa kazi ileile, naye akakubali. Wangapi wangekubali? Akamaliza wa sita, kisha wa saba, na tarehe 7 Juni 2023 mjini Prague Jarrod Bowen akafunga dakika ya 90, West Ham 2, Fiorentina 1, Kombe la Conference. Lilikuwa kombe kubwa la kwanza kwa klabu tangu 1980, na kombe kubwa la kwanza kwa Moyes, akiwa na miaka 60. Medali akamvisha baba yake pale uwanjani. Januari 2025 Everton nao wakamrudisha.

Kulingana na hali yako

Kama unaanzia timu ya mtaani au daraja la chini, huna bajeti na una shughuli nyingine ya kukuingizia riziki, msome Ferguson, lakini yule wa 1974 hadi 1983. St Mirren na Aberdeen zitakufaa kuliko kumbukumbu za 1999, United walipobeba makombe matatu msimu mmoja. Hasa angalia alivyowaamini vijana na alivyomwachia msaidizi mazoezi. Ukali wake waachie wenyewe. Wengi wanaomuiga huanza na kufoka, na hapo huishia.

Kama ulikuwa jina kubwa na klabu yako inakushawishi uchukue timu mara tu unapostaafu, wako ni Dalglish. Kabla ya kusaini, uliza nani atakuwa Paisley wako. Usipopewa jibu la jina na sura, fikiri mara mbili. Na kama unabeba msiba au uchovu ambao hujausema kwa mtu, ile Februari ya 1991 isome taratibu.

Kama ulikuwa mchezaji wa kawaida na unajua hakuna atakayekupigia simu kwa ajili ya jina lako, Moyes ndiye ndugu yako. Anza leseni sasa hivi, ukiwa bado unacheza. Usingoje goti likustaafishe. Yeye anamfaa pia kocha aliyefukuzwa juzi na anayeona aibu kupokea simu ya klabu ndogo, au ya klabu iliyowahi kumwacha.

Ukiwa kiongozi wa klabu, wasome wote, ila anzia upande wa wenye klabu. Martin Edwards hakuwa na uhakika wowote Desemba 1989, alikuwa na taarifa za jinsi timu za vijana zinavyojengwa. Waliomwajiri Moyes walimpa miaka sita kwa maandishi na miezi kumi kwa vitendo. Kabla ya kutafuta kocha, kaeni kamati nzima mkubaliane mtavumilia kufungwa mechi ngapi, muiandike, na mumwonyeshe huyo kocha siku ya kusaini.